Kofia ya Karatasi na Ua la Dirishani

Miaka kadhaa iliyopita, katika ziara ya kukagua mazoezi ya kufundisha, niliketi nyuma ya darasa la nne katika shule moja iliyo kando ya barabara kuu. Wakati huo barabara ilikuwa ikijengwa upya, na miongoni mwa mafundi walikuwamo Wachina. Mwanachuo niliyekwenda kumtazama alikuwa kijana hodari, mwenye sauti ya kusikika na mwandiko mzuri wa ubaoni. Somo lake liliitwa "Utamaduni wa Wachina". Aliwagawia watoto vipande vya karatasi ya manila, akawaonyesha jinsi ya kuvikunja viwe kofia zilizochongoka juu. Kisha akawafundisha kuchora nyuso ambazo macho yake ni mstari mmoja uliovutwa kwenda pembeni. Watoto walifurahi mno. Kengele ilipolia walitoka nje wamevaa kofia zao. Bombani alikuwapo fundi mmoja wa Kichina aliyekuja kuchota maji, kama ilivyokuwa desturi yake kila siku. Watoto walimzunguka, wakavuta ngozi za pembe za macho yao kwa vidole, wakaanza kutoa sauti zisizo na maana wakidhani wanasema lugha yake. Yule bwana alijaza dumu lake, akalifunga kizibo, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Katika andalio la somo, mahali pa tathmini, mwanachuo aliandika: "Somo limefaulu. Wanafunzi walishiriki vizuri." Nami, niliyekuwa nimesimama mlangoni nikiyaona yote, nilitia sahihi chini ya maneno hayo na kumpa alama nzuri. Makala haya nayaandika kwa sababu ya sahihi ile.

Ndugu mwanachuo, tusimlaumu kijana yule peke yake. Alifuata yale tuliyomfundisha chuoni: tumia zana, washirikishe watoto, mikono ifanye kazi pamoja na akili. Yote hayo aliyatimiza. Lakini hakuna aliyemwuliza swali la kwanza kabisa: je, Wachina wenyewe hutengeneza kitu hiki? Kofia pana zilizochongoka, ambazo zimevaliwa na wakulima wa mpunga kusini mwa China na katika nchi za jirani kama Vietnam, husukwa kwa mianzi na majani, na kazi yake ni kukinga jua na mvua. Si kazi ya karatasi ya manila. Kwa hiyo watoto wale hawakujifunza jambo lo lote la Wachina. Walipewa vazi la kumdhihakia Mchina, na mwalimu ndiye aliyewashonea.

Kosa la namna hii lina ndugu zake. Wako walimu wanaofundisha kukunja korongo wa karatasi na kuwaambia watoto kwamba huyo ni wa Kichina. Ni kweli kwamba Wachina nao hukunja karatasi, lakini korongo yule aliyeenea dunia nzima ni wa Wajapani, na hata jina origami ni neno lao. Kumwambia mtoto kwamba Mchina na Mjapani ni mamoja ni sawa na kumwambia mtoto wa Beijing kwamba Mmakonde na Mzulu ni mamoja. Tungelisikia likisemwa huko, tungelikasirika.

Maoni yangu basi ni haya. Karatasi yaweza kumfundisha mtoto mambo ya watu wengine vizuri kuliko picha na maelezo mengi ya mwalimu, ila kwa sharti kwamba kile anachokitengeneza kiwe ni kitu ambacho wenyewe hukitengeneza, na kwamba mtoto aambiwe ni nani hukitengeneza, wakati gani, na kinasema nini. Afadhali mtoto akate samaki mmoja wa karatasi katika vipindi vitatu na kumjua samaki huyo, kuliko kutengeneza vinyago kumi kwa siku moja na kurudi nyumbani na kofia.

Na kwa njia hii ya karatasi China inastahili kutangulia, kwa maana karatasi yenyewe ilianzia kwao. Vitabu vyao vya kale vyasema kwamba mwaka 105 B.K. Cai Lun, ofisa wa jumba la wafalme wa Han, alimpelekea mfalme wake karatasi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, nyuzi za mimea, matambara, na nyavu kuukuu za wavuvi. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekwisha kupata vipande vya karatasi vilivyotangulia mwaka huo, lakini jina la Cai Lun ndilo lililokaa katika kumbukumbu. Mimi hupenda kuwasomea watoto orodha ile ya malighafi polepole: matambara na nyavu mbovu! Mtoto wa pwani anaujua wavu uliochakaa, jinsi unavyotupwa chini ya mnazi ukaoza. Mwambie kwamba daftari lake lina asili katika kitu kama hicho, utaona atakavyoligeuzageuza mkononi. (Neno letu karatasi tulilipata kwa Waarabu, nao walilitumia kwa mafunjo ya Misri kabla ya karatasi ya Kichina kuwafikia kwa njia ya Samarkand katika karne ya 8. Lakini hilo ni somo la siku nyingine.)

Kitu ninachokipendekeza kwa shule zetu ni ile kazi ambayo Wachina huiita jianzhi, yaani kukata karatasi kwa mkasi au kwa kisu hadi itokee picha. Karatasi za namna hiyo zilizo za kale kuliko zote zilizopatikana zilifukuliwa karibu na Turpan, magharibi kabisa mwa China, mahali pakavu sana ambapo karatasi haiozi; nazo ni za karne ya 6. Ni za duara, na ukizitazama unaona wazi kwamba zilikunjwa mara kadhaa ndipo zikakatwa, kwa maana pambo moja hujirudia pande zote kwa ulinganifu. Mtoto wa darasa la pili akunjaye karatasi yake leo na kuikata pembeni anafanya tendo lile lile. Mwaka 2009 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, liliiingiza kazi hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Vijijini kaskazini mwa China aina moja huitwa maua ya dirishani. Hapa mwalimu asiharakishe. Awaeleze watoto kwamba huko majira ya baridi ni makali, na kwamba zamani nyumba za wakulima hazikuwa na vioo. Madirisha yalikuwa na vipande vyembamba vya mbao vilivyopishana kama wavu, na juu yake ilibandikwa karatasi nyeupe ili kuzuia upepo na kuruhusu mwanga. Kwa mwaka mzima karatasi ile ilipatwa na moshi, vumbi na mvua ikawa na rangi ya chai. Basi mwaka mpya ulipokaribia, mama wa nyumba aliibandua, akabandika nyeupe nyingine, na juu ya weupe ule akabandika picha nyekundu alizozikata kwa mkasi wake wa kushonea: samaki, kuku, watoto wanono, maua. Wakati wa mchana jua lilipita na kuzionyesha kwa waliomo ndani. Usiku taa iliyowashwa ndani ilizionyesha kwa wapitao njiani. Baada ya miezi michache wekundu ulipauka, karatasi ikachanika, wala hakuna aliyesikitika, kwa kuwa mwaka mwingine zingekatwa nyingine. Naomba jambo hilo la mwisho lizingatiwe na walimu wanaofungia kazi za watoto kabatini wakimngojea mkaguzi.

Wasichana walijifunza kwa mama na bibi zao. Vielelezo vizuri vilipokezanwa nyumba kwa nyumba, na palikuwa na njia ya kuvinakili ambayo watoto wetu hushangaa kuisikia kwa sababu wanaijua nusu yake. Picha iliyokwisha kukatwa iliwekwa juu ya karatasi mpya, zote zikalowanishwa maji zishikamane, kisha zikapitishwa juu ya moshi wa taa ya mafuta. Moshi uliipaka masizi ile sehemu isiyofunikwa. Picha ilipobanduliwa, umbo lake lilibaki jeupe katikati ya weusi, tayari kukatwa upya. Nimepata kulifanya hili mbele ya darasa kwa kibatari cha kawaida, na nasema kweli kwamba sijapata kusikia darasa limenyamaza namna ile. Lakini mwalimu alifanye mwenyewe, na ndoo ya maji iwe karibu. Si kazi ya kuwapa watoto.

Fundi mmoja aliyejulikana sana ni Bibi Ku Shulan wa wilaya ya Xunyi, mkoa wa Shaanxi, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki mwaka 2004. Alikuwa mwanamke wa kijijini, maskini, akiishi katika nyumba iliyochimbwa ndani ya udongo wa mlima kama zilivyo nyumba nyingi za sehemu zile. Alibandika vipande vya karatasi za rangi hata vikafunika kuta, na alikuwa akiimba huku anakata. Mtaje kwa jina. Mtoto akisikia jina la mtu mmoja, na mahali alipoishi, hawezi tena kudhani kwamba "Wachina" ni kitu kimoja kisicho na uso.

Nimesema kwamba mtoto ajue kitu kinasema nini. Hapa ndipo penye utamu wote, na mtoto azungumzaye Kiswahili anaweza kuuelewa upesi kuliko watoto wengi wa Ulaya. Picha za jianzhi hucheza na sauti za maneno. Samaki kwa Kichina ni yu, na kitu cha ziada, yaani akiba inayobaki baada ya matumizi, nacho huitwa yu kwa sauti ile ile. Kwa hiyo samaki aliyebandikwa dirishani mwaka mpya ni dua ya kwamba kila mwaka nyumba ile ipate na kusaza. Kulungu ni lu, na lu ni mshahara wa mtu mwenye cheo. Basi kulungu humtakia mtu kupanda cheo. Popo ni bianfu, na fu ni baraka. Popo watano pamoja ni baraka tano. Mwalimu wa Pemba atacheka hapa, maana huko popo, na hasa yule popobawa wa hadithi za usiku, hana sifa hizo hata kidogo. Na kicheko chake ni sehemu ya somo, kwa kuwa mnyama ni yule yule ila masikio yanayosikia jina lake ni mbalimbali. Ile herufi ya fu yenyewe huandikwa kwenye karatasi nyekundu na mara nyingi hubandikwa mlangoni juu-chini. Mgeni hudhani imekosewa. Lakini "kupinduliwa" na "kufika" kwa Kichina hutamkwa namna moja, dao, basi anayesema "baraka yenu imepinduka" amekwisha kusema pia "baraka yenu imefika."

Je, sisi hatuna kitambaa kinachosema? Mtoto gani wa Kiswahili asiyejua kwamba kanga ina jina, na kwamba mwanamke anaweza kumjibu jirani yake kwa kujifunga kanga tu pasipo kufumbua mdomo? Anza hapo. Waambie watoto walete majina ya kanga za mama zao. Wakiisha kuona kwamba kwao vitu vya nyumbani husema, hawataona ajabu kwamba kwa Wachina dirisha nalo husema, na darasa halitahitaji kusimamiwa ili lisicheke.

Sasa niseme kidogo juu ya kazi yenyewe, maana najua swali mlilo nalo: darasa lina watoto sabini na mikasi ni minne. Mikasi minne yatosha ikiwa mwalimu hataki wote wakate kwa wakati mmoja. Kundi moja likate, jingine likunje na kuchora, jingine lipige gundi ya uji wa unga, jingine liandike chini ya picha maana yake. Watoto wadogo wachane kwa vidole. Umbo la kuchana lina uzuri wake. Nyembe zisiingie darasani kamwe, hata kama utaambiwa kwamba mafundi wa Yuxian katika mkoa wa Hebei hukata kwa visu vidogo vikali. Hao ni mafundi, na wanakata karatasi nyingi kwa pamoja kisha huzitia rangi; watoto wetu hawahitaji kuwaiga. Karatasi nyekundu ikikosekana, paka ya kawaida kwa mbegu za zingefuri, au kwa chaki nyekundu iliyosagwa katika uji mwepesi.

Jambo moja la ufundi mwalimu sharti alijue mwenyewe kabla hajaingia darasani. Kuna kata mbili. Katika ile ya kwanza unabakiza mistari ya picha na kuondoa vilivyo katikati, na hapo kila mstari lazima ushikamane na mwenzake, ukikata mmoja picha yote inaanguka. Katika ile ya pili unaondoa mistari yenyewe, na hapo kila mstari lazima utengane na mwenzake. Mafundi huzichanganya zote mbili katika picha moja. Mtoto atakayeharibu karatasi mbili tatu hadi alifahamu jambo hili kwa vidole vyake amejifunza pia kufikiri kabla ya kutenda, tena mwalimu wa hesabu atamkuta amekwisha kuuelewa ulinganifu. Ile herufi ya arusi, furaha mara mbili, ni mfano mzuri kwa darasa la sita: ni herufi ya furaha iliyoandikwa mara mbili bega kwa bega, na kila upande una ulinganifu wake. Ukikunja karatasi katikati, kisha tena katikati kwa upande ule ule, unakata nusu ya herufi moja na kufungua mbili nzima.

Rangi nayo ni somo. Nyekundu kwa Wachina ni rangi ya furaha, ya arusi na ya mwaka mpya, na nyeupe kwa desturi zao ni rangi ya msiba. Mtoto akikata ua jeupe kwa ajili ya "arusi ya Kichina", usimwambie tu kwamba amekosa. Mweleze maua meupe huwekwa wapi. Hapo utakuwa umefika nyumbani, maana Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar es Salaam, kuna makaburi ya Wachina zaidi ya sitini, wengi wao waliokuwa katika kazi ya reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Mwanzoni mwa Aprili, siku iitwayo Qingming ambayo ni ya kusafisha makaburi, Wachina walioko nchini huenda pale na maua. Wazee wengi wa vijiji vilivyo kando ya reli waliwahi kufanya kazi bega kwa bega na watu wale; kama shule yako iko huko, mwalike mzee mmoja darasani. Desturi nyingine za karatasi, kama kuchoma fedha za karatasi kwa ajili ya marehemu, mwalimu anaweza kuwaeleza wanafunzi wa madarasa ya juu kama maelezo, lakini asiwape watoto kuzifanya. Hilo ni jambo la ibada, na wazazi wana haki ya kuulizwa.

Baada ya maua ya dirishani ningependa taa za karatasi zifuate, si kwa uzuri wake tu. Mwaka mpya wa Wachina huanza mwezi unapoandama, kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, na usiku wa mwezi mpevu unaofuata, yaani siku ya kumi na tano, ni Sikukuu ya Taa. Mtoto wa Kiislamu atauliza mara moja: mbona mwaka wao hauhami kama Ramadhani? Kwa sababu wao huongeza mwezi wa kumi na tatu katika baadhi ya miaka, mara saba katika kila miaka kumi na tisa, ili miezi isiyakimbie majira. Swali hilo lilinipata pasipo kujiandaa, nikaahidi jibu kwa siku ya pili. Nawapa hapa bure. Katika sikukuu hiyo watu huandika vitendawili kwenye taa au huvitundika chini yake, na apitaye hujaribu kutegua. Mwalimu wa Kiswahili anayeyasikia haya na asiruke juu kwa furaha sijui anangoja nini. Kila mtoto atengeneze taa ya karatasi, atunge kitendawili chake mwenyewe, akitundike, na darasa lizunguke likitegua. Tiara nazo zina kwao, hasa mji wa Weifang mkoani Shandong, ambako tamasha la kimataifa la tiara lilianzishwa mwaka 1984. Lakini watoto wetu hawahitaji mwalimu kwa tiara.

Wanachuo wameniuliza zaidi ya mara moja: kwa nini tujishughulishe na mambo ya Wachina, na ya kwetu tumeyaacha? Swali ni la haki. Lakini nimeona kwa macho yangu kwamba ya kwetu hayaachwi na somo hili, bali huamshwa nalo; kanga haikupata kuletwa katika darasa lile kabla ya samaki wa Kichina. Mwingine aliniambia kwamba hii ni propaganda ya taifa kubwa. Ingekuwa hivyo kama tungefundisha sifa za serikali yo yote. Tunafundisha mkasi wa mama wa kijijini. Na yule asemaye kwamba mtihani hauulizi mambo haya sina la kumjibu, isipokuwa kwamba yule fundi bombani hakuwa katika mtihani pia.

Jambo moja la hatari limebaki, nalo hutokea hata kwa mwalimu mwema. Akiisha kuwaeleza watoto madirisha ya karatasi na nyumba za ndani ya udongo, watoto huondoka wakiamini kwamba Wachina wote wa leo huishi hivyo. Sema wazi kwamba China ya leo ina miji ambayo majengo yake huzidi urefu wa cho chote walichokiona, kwamba madirisha ni ya vioo, na kwamba mapambo mengi ya mwaka mpya sasa hukatwa kwa mashine, hata ya plastiki, na kununuliwa dukani. Wapo wanaoendelea kukata kwa mkono, na wapo watoto wa Kichina wanaofundishwa kazi hii shuleni kama vile wetu watakavyofundishwa, kwa sababu bibi zao wako mbali. Mtoto wetu akijua kwamba mtoto wa Shanghai naye anaharibu karatasi mbili tatu kwanza, atamwona kuwa mwenzake.

Mwaka uliopita nilikwenda tena kukagua, shule nyingine, darasa la tano. Mwanachuo, safari hii binti mpole aliyeogopa sana kunitazama, alikuwa na samaki mmoja tu wa kufundisha. Alieleza habari ya yu na yu. Kijana mmoja akasimama akauliza, "Mwalimu, na sisi tunayo maneno ya hivyo?" Binti hakuwa ameliandaa swali hilo, nikamwona akigeukia ubao kwa muda. Kisha akaandika: kaa. Darasa likalipuka. Kaa wa baharini, kaa la moto, kaa chini. Mbuzi wa kuchunga na mbuzi ya kukunia nazi. Tai arukaye na tai ya shingoni. Ubao ulijaa, na kipindi cha pili kilikuja kikapita bila mtu kukiona.

Kabla sijaondoka nilipita kati ya madawati. Msichana mmoja alikuwa amekata mnyama mwenye pembe ndefu, na pembe moja ilikuwa imeanguka kwa sababu alisahau kubakiza mahali pa kushikia. Alikuwa anaiunga kwa uji. Nilidhani ni kulungu wa Wachina. Akanisahihisha kwa adabu: "Shikamoo mwalimu. Huyu ni paa. Kaka yangu yuko darasa la saba, nataka apae." Alimbandika kwenye nondo ya dirisha, maana dirisha halikuwa na kioo, na upepo ukaanza kumchezesha.

Nilipofungua andalio la yule binti ili nitie sahihi, mahali pa tathmini palikuwa patupu. Alisema hajui bado aandike nini. Anangoja Jumatatu, aone watoto watarudi na nini kutoka nyumbani. Nikalifunga daftari, nikamrudishia, nikamwambia nami nitangoja.